Kumsinga biharusi: siku moja maishani mwangu

Kazi yangu ni kusinga, yaani kumsugua biharusi mwili kwa singo, unga wa manukato wa kusafisha ngozi. Hapa Unguja hutafutwa sana Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukiingia na harusi zikaanza kufuatana, lakini wengi wanadhani sisi ni wanawake wa kukaa mkekani, kupaka watu manukato na kupiga soga. Leo naandika siku moja tu, muione kazi yenyewe.

Saa kumi na moja alfajiri. Nikishasali nakaa na kinu. Natwanga mchele, karafuu, maganda makavu ya machungwa, waridi na asumini zilizokauka, halafu nachekecha. Unga wenye chenga unachana ngozi, kwa hiyo kinachobaki juu ya chekecheo kinarudi kinuni. Liwa, mti wenye harufu nzuri, siinunui ya unga. Nachukua kipande chake, nakisugua juu ya jiwe kwa majimarashi mpaka nipate uji wa kujaza kikombe cha kahawa. Bega linaanza kuuma na bado sijamgusa mtu.

Saa mbili niko Darajani kutafuta asumini mbichi na udi. Saa tatu napiga hodi Ng'ambo, kwa biharusi wa kwanza. Leo Jumanne, harusi Ijumaa. Zamani alitiwa ndani siku saba, siku hizi anaomba ruhusa kazini na sisi tunabanana humohumo.

Sijakunja kanga vizuri, shangazi mtu akaingia na kopo lisilo na karatasi. Ndani mna mafuta mazito ya rangi ya waridi.

"Dada, changanya na hii. Tunataka apate rangi, picha zisituaibishe."

"Shangazi, hiyo siipaki."

"Kwani unalipwa na nani?"

Nikamwomba biharusi anyooshe mikono. Vidole vimekuwa vyeupe, vifundo vyake vimebaki vyeusi, na mashavuni mishipa myekundu inaonekana kama nyuzi. Mtu wa kazi hii haulizi mara mbili. Mtoto wa watu akainamisha uso, akasema anapaka tangu siku ya posa. Nilisikia uchungu, maana ana ngozi nzuri ya maji ya kunde aliyozaliwa nayo, na hakuna aliyemwambia.

Nikamweleza shangazi kwa adabu, lakini sikupunguza neno. Mikorogo mingi ya kuchubua ngozi ina dawa kali za steroidi, zinazoifanya ngozi nyembamba mpaka kidonda kidogo kinachelewa kupona. Mingine ina zebaki, na zebaki hudhuru figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza vipodozi vya kuchubua ngozi vilivyotiwa zebaki, na bado vinauzwa kwenye makopo kama hilo. Akanijibu kwamba yeye mwenyewe alipaka harusini kwake na hakufa. Akamwita mama mtu, mama mtu akamwita bibi, tukarudia maneno yaleyale sebuleni huku singo inakauka bakulini. Bibi ndiye aliyelichukua kopo akaenda nalo uani, hakusema kitu.

Saa tano na nusu ndipo naanza. Uso na mikono sikuvisinga kabisa. Karafuu na chungwa juu ya ngozi ile zingemuunguza. Nilimpaka uji wa liwa kwa kiganja, taratibu, nikamwambia harusi ikipita amwone daktari wa ngozi, maana dawa hizo ukiziacha ghafla uso unaweza kuumuka ukawa mwekundu. Mgongo na miguu ndiyo niliyoisinga sawasawa: unapaka, unaacha ikaukie nusu, unasugua kuelekea juu mpaka nongo zidondoke mkekani vipandevipande. Nyayo peke yake zinakula muda kuliko mgongo mzima. Jasho linaniingia machoni na siwezi kulifuta, mikono imejaa singo.

Mchoraji wa hina akafika tukiwa katikati. Shangazi akataka hina leo, singo imaliziwe kesho. Nikakataa tena. Singo inaondoa ngozi ya juu, na rangi ya hina inakaa kwenye ngozi hiyohiyo, utaisugua yote. Hina ni kesho usiku, ipate siku ya kukolea. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, nilimwomba mchoraji aiache kabisa kwa mikono ile, kwa sababu rangi ya nywele wanayoichanganya humo huweza kutoa malengelenge hata kwa ngozi yenye afya. Mchoraji akanielewa mara moja, Mungu ambariki.

Maji ya uvuguvugu, mafuta ya nazi, kisha chetezo cha udi chini ya kanga. Biharusi akalala palepale.

Wa pili alikuwa Kikwajuni. Nilifika alasiri imeshapita, sikumbuki hata saa ngapi, vidole vimekufa ganzi. Ngozi yake haijaguswa na kitu, nyanya yake kamsugulia liwa mwenyewe, nami nikaifanya kazi kwa raha ingawa mgongo ulikuwa unakatika.

Isha imeshaadhiniwa nikarudi kwa biharusi wa kwanza kuchukua ujira. Wamenipa nusu, nusu baada ya harusi, nikaandika daftarini mbele yao. Kesho saa tatu nirudie miguu, kabla ya hina. Nikamwambia biharusi asitoke kwenye jua la mchana, na usiku akiona vipele usoni anipigie simu, hata iwe saa nane.