Siku yangu moja kwenye kerezo la marehemu

Jana niliamka kabla ya adhana ya alfajiri, kwa sababu umeme wa asubuhi ndio ninaouamini zaidi na kazi iliyokuwa ikinisubiri haikutaka mashine isimame katikati. Baada ya sala nilikunywa chai kwa kipande cha boflo, nikavaa shati la mikono mifupi lililonibana, na saa kumi na mbili u nusu nilikuwa nimekwisha kufungua mlango wa karakana yangu huku Ng'ambo, mjini Unguja. Shati hilo lina sababu yake. Rafiki yangu marehemu, aliyeniachia kerezo hili, yaani mashine ya kuzungusha mti ili uchongwe mviringo, hakumruhusu mtu kulikaribia akiwa amevaa kanzu, au kikoi kinachoning'inia, au glavu, maana mti unaozunguka ukishika ncha ya nguo huivuta pamoja na mwenye nguo.

Mimi ni seremala wa milango na makabati kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini kukereza nimeanza miezi minane tu iliyopita. Katika sheria yetu ya mirathi rafiki harithi. Anachoweza kupata ni wasia, nao hauzidi thuluthi ya mali inayobaki baada ya gharama za maziko na madeni kulipwa. Marehemu aliusia mbele ya mashahidi wawili kwamba kerezo lake, bobari saba, yaani patasi zenye makali ya mviringo, na ufito wake wa vipimo nipewe mimi, na wanawe wakaridhia bila ya neno. Mwenye kusita nilikuwa mimi. Mjane wake alipomaliza eda ya miezi minne na siku kumi, aliniita akaniambia, "Shemeji, mashine inaliwa na kutu. Njoo uichukue." Tulikuwa watu sita kuibeba, na bado tulipumzika mara tatu njiani.

Saa moja nilianza kutayarisha mti. Bibi mmoja alikuwa ameniletea kitanda chake cha samadari ambacho matendegu yake mawili, yaani miguu, yameliwa na mchwa, na yale mawili mazima, kwa bahati, yalikerezwa na marehemu mwenyewe. Nilichagua mninga mkavu wa inchi tatu kwa tatu, nikapiga mistari kutoka kona hadi kona katika kila kichwa cha mti ili nipate kitovu, kisha nikazipunguza pembe kwa tezo, isipokuwa ile shibiri moja inayobaki ya mraba ambamo ndimi za mbao za kitanda huingia. Kazi ya tezo ni kuipunguzia bobari kishindo, kwani mti wenye pembe nne huipiga patasi mara nne kwa kila mzunguko. Kwenye kitovu cha upande wa mkia nikapaka nta, kwa kuwa ncha ya upande huo haizunguki na bila ya mafuta huuchoma mti mpaka ukatoa moshi. Mkanda niliuweka kwenye kidato cha mwendo wa polepole, kisha nikauzungusha mti kwa mkono duru nzima kuhakikisha haugusi chuma chochote. Hapo tena ndipo nilipowasha mota.

Bobari haisukumwi ndani ya mti, na hili lilinichukua wiki nyingi kulielewa, kwa sababu mkono wa seremala umezoea kusukuma. Kwanza hulazwa juu ya kiegemeo, yaani kile chuma kilicho mbele ya mti. Kisha mgongo wa makali, ile sehemu iliyonolewa mshazari, huachwa usuguane na mti bila ya kukata. Halafu mpini huinuliwa kidogo kidogo mpaka makali yaume. Ukipatia, maranda hutoka marefu kama utepe. Yakitoka vumbi, basi unakwangua, hukati, na vumbi la mninga ukilivuta utapiga chafya mpaka usiku.

Sikuwa mgeni kabisa wa kazi hii. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka Bara ulipoharibika na Unguja nzima ikakaa gizani, marehemu alisimamisha nguzo mbili uani kwake akatengeneza kerezo la uta, kama walivyokereza wazee. Kamba ya uta huzungushwa kwenye mti, mtu mmoja akavuta na kusukuma, na mti ukaenda mbele na kurudi nyuma, hivyo mkerezaji hukata unapokuja kwake tu na hupumzika unaporudi. Mvutaji nilikuwa mimi. Kwa miezi ile mitatu niliyajua mapigo ya kazi yake kwa mabega yangu, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kamba, na mikono yake sikuitazama hata siku moja. Ndilo jambo ninalolijutia kila ninapoishika bobari.

Saa nne, nikiwa kwenye pete ya tatu ya tendegu la kwanza, bobari ilikwama, makali yakazama, na pete ikaruka kipande cha ukubwa wa kucha hadi ukutani. Nilizima mota nikakaa. Baadaye nilipitisha ukucha juu ya kiegemeo, na mahali pale pale pete ya tatu inapoangukia ukucha ulinasa kwenye kijishimo; kulikuwa na vingine vitano au sita, vingi vikiwa upande mmoja. Marehemu alikuwa mtu wa shoto. Nilikuwa nikivijua vijishimo hivyo tangu mwezi wa kwanza, na mara mbili nilikwisha kuchukua tupa nikairudisha, kwa kuwa niliviona kama alama ya mkono wake.

Adhuhuri nilisali, nikala wali na samaki wa kukaanga, na umeme ukakatika kwa saa moja na nusu.

Saa nane alikuja mtoto mkubwa wa marehemu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Tazama baba yako alivyoniangusha."

Alikishika kiegemeo, akapitisha kidole gumba mara mbili. "Baba alikuwa akikipiga tupa kila akimaliza kazi kubwa," akasema. "Hivi ni vya mwaka wa mwisho, macho yalipomwishia. Alikuwa akinificha."

Sikumjibu. Nilikifunga kiegemeo kwenye jiriwa, nikachukua tupa bapa na kuipeleka kwa urefu wa chuma, mwendo mrefu wa kutoka ncha hadi ncha, ili nisichimbe bonde mahali pa kijishimo. Ilichukua dakika arubaini. Kisha msasa, kisha nikasugua kipande cha mshumaa juu yake, na bobari ikawa inateleza kama juu ya kioo. Haya yote ningeyafanya miezi saba iliyopita ningekuwa nimeokoa mbao nyingi.

Umeme uliporudi nilianza tendegu jipya, kwani lile lililoruka kipande halikuwa na dawa. Nililaza ufito wa marehemu juu ya mti na kupiga alama za penseli kwenye kila mkato wake, na kipimo cha unene nikakitoa kwenye tendegu lake kwa bikari. Hadi saa kumi na moja, nikitoa muda wa sala ya alasiri, pete zote zilikuwa zimesimama. Nilikiondoa kiegemeo kabla ya kupiga msasa, kisha nikafumbata maranda na kuyabana kwenye mti unaozunguka mpaka ukang'aa. Nilifumba macho nikalinganisha tendegu langu na lake kwa vidole: pete yangu ya pili imekuwa nene kuliko yake kwa unywele. Bibi hataliona hilo, mimi nitaliona. Tendegu la pili ni kazi ya leo.

Kijana alikuwa bado amesimama. Nilimfungia kipande cha mwembe, mti laini usio na thamani, nikampa bobari. Aliishika kwa mkono wa kushoto. Vumbi likaanza kutoka.

"Unakwangua," nikamwambia. "Inua mpini."

Akainua kupita kiasi, bobari ikamruka, tukacheka wote wawili. Adhana ya magharibi ilipoanza nikazima mota, naye akanyanyua ufagio bila ya kuambiwa.