Tairi lina kashata na bado ni la kutupa

Ushauri unaonikera kuliko wote kuhusu kashata, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, ni ule wa "hilo bado, kashata si unaziona?" Anayesema hivyo kasimama wima pembeni ya gari na anaona ukingo wa nje tu. Mimi hukata usukani mpaka mwisho, tairi la mbele lijitokeze, kisha nachuchumaa kutazama ukingo wa ndani. Huko ndiko alaimenti mbovu, yaani magurudumu kutokaa sawa, inakokula tairi: nje kashata nzima, ndani kipara, pengine waya zimeshachungulia.

Halafu napitisha kiganja kutoka nje kwenda ndani, nakirudisha. Kikiteleza kwenda na kukwaruza kurudi kama meno ya msumeno, tairi linaburuzwa mshazari. Ukifunga jipya bila alaimenti, nalo litaliwa vilevile. Likiisha katikati, upepo ulizidi. Kingo zote mbili, ulipungua. Mabonde mabonde, kaangalie shokapu.

Wapo wanaopima kina cha mifereji ya tairi kwa sarafu. Huo ni ujanja wa Marekani, wenzetu wanapimia kichwa cha Lincoln kwenye senti yao; mia mbili yetu haikuambii kitu. Tafuta vituta vidogo vinavyokatiza ndani ya mifereji mikuu. Karibu na bega la tairi kuna pembetatu ndogo au herufi TWI kuonyesha vilipo. Kimo chake ni milimita 1.6, na kashata ikilingana navyo, tairi limekwisha. Mimi sifiki huko: zikibaki milimita 3 na masika yananukia, nabadilisha, maana mfereji mfupi hautoi maji na gari linaanza kuelea.

Vituta hivyohivyo ndivyo vinavyowaumbua wauza mtumba. Kuna wanaochonga mifereji upya kwa kisu cha moto, wakapaka dawa nyeusi, tairi likang'aa. Ukipima mfereji utapata milimita 5 na kutoa pesa. Pima kutoka juu ya kashata hadi juu ya kituta! Kwenye tairi lililochongwa, kituta kimesimama kama ukuta ndani ya shimo, karibu kilingane na kashata. Au kimekatwa na hakipo popote. Futa dawa kwa kitambaa chenye petroli, utaona michirizi ya kisu, pengine na nyuzi. Muuzaji atakwambia mbona ya malori yanachongwa. Kweli, yale yaliyoandikwa REGROOVABLE ubavuni, yenye mpira wa ziada chini. La gari dogo halina mpira huo. Hapo bei hushuka yenyewe, lakini silichukui hata la bure.

Umri ni tarakimu nne mwishoni mwa mstari wa ubavuni unaoanza na herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi zipo upande mmoja tu, kwa hiyo ingia uvunguni. Ubavu ukiwa na uvimbe, nyuzi za ndani zimekatika. Kashata hata ziwe mpya, toa.

Nikinunua mawili tu yanakwenda nyuma, fundi anune asinune. Mbele ikiteleza kwenye maji unaachia mafuta taratibu na usukani unarudi. Nyuma ikiteleza, gari linazunguka.