Lintang za Bali: nyota zinazopatikana kwa kuhesabu siku

Katika kisiwa cha Bali, nchini Indonesia, nyota ya mtu haitafutwi kwa kuuliza jua lilikuwa katika buruji gani alipozaliwa. Wabali wana juma la siku saba liitwalo saptawara, linaloanza na Redite, ambayo ni Jumapili, na kuishia na Saniscara, ambayo ni Jumamosi. Sambamba nalo wana juma la siku tano, yaani pancawara, lenye Umanis, Paing, Pon, Wage na Kliwon. Majuma haya mawili huenda pamoja bila kusubiriana, hivyo kila siku huwa na majina mawili, na jozi ileile ya majina hurudi baada ya siku 35. Kila jozi ina nyota yake, iitwayo lintang, na elimu ya kuzisoma nyota hizo ni palelintangan.

Hesabu hii imefungamana na pawukon, mzunguko wa siku 210 wenye majuma 30 ya siku saba, kila juma, liitwalo wuku, likiwa na jina lake. Kwa kuwa 210 ni 35 mara sita kamili, sherehe ya otonan, ambayo mtu hufanyiwa kila zinapotimia siku 210 tangu azaliwe, daima huangukia lintang ileile aliyozaliwa nayo. Mwaka wa jua una lintang ya mtu mara kumi au kumi na moja, lakini otonan huichagua ile moja ambayo wuku nao umerudi mahali pake. Mimi huuona mpango huu kuwa mzuri mno, kwa sababu mtu na siku yake hawaachani hata kidogo.

Mahali pazuri pa kuziona lintang zote kwa pamoja ni katika picha za kijiji cha Kamasan, karibu na Semarapura, katika wilaya ya Klungkung. Wachoraji wa huko hupaka kitambaa cha pamba uji wa mchele, hukikausha, hukisugua kwa ganda la kauri mpaka kilainike, kisha huchora juu yake kwa mtindo wa watu wa wayang, yaani mchezo wa vikaragosi vya kivuli. Kalenda ya palelintangan hugawanywa kwa safu saba za wima, safu moja kwa kila siku ya saptawara, na mistari mitano ya pancawara hukata safu hizo na kufanya vyumba 35. Juu na chini ya vyumba hivyo kuna vyumba vingine vinavyoonyesha mungu wa kila siku, mti wake, ndege wake na mhusika wake wa wayang. Anayesoma picha hiyo hutafuta kwanza safu ya siku, kisha hushuka mpaka mstari unaohusika, na hapo huikuta nyota yake.

Anachokikuta ndicho kinachonivuta zaidi. Hakuna mizani wala mapacha. Kuna Yuyu, ambaye ni kaa, na Udang, ambaye ni kamba, kuna Kelapa, yaani mnazi, Lumbung, ghala la mpunga, Kumba, mtungi, Gajah, tembo, Asu, mbwa. Kuna Jong Sarat, jahazi lililosheheni, na Prahu Pegat, chombo kilichovunjika. Kuna Puwuh Atarung, tombo wanaopigana, ambao husomwa kama tabia ya ugomvi, na Bubu Bolong, dema lililotoboka, ambalo humwonya mtu kwamba mali yake itampitia bila kukaa. Kuna Tangis, ambayo ni kilio, na Bade, mnara unaobebea maiti kwenda kuchomwa. Naamini aliyezipanga alikuwa akitazama shamba, ufuo na msiba wa kijijini, na ndiyo maana hata mwanakijiji asiyejua kusoma hati za lontar, zinazoandikwa juu ya majani ya mtende, huelewa mara moja anachoambiwa.

Baadhi ya majina hayo yana nyota halisi angani. Kartika ni kilimia chetu, na jembe la kukokotwa, ambalo pia limo katika orodha, ndilo umbo ambalo wakulima wa Java waliliona katika nyota za Orion walipopanga majira ya mpunga. Hata hivyo, siku ya Kartika huja kila baada ya siku 35, hata katika majuma ambayo kilimia kimefichwa na mwanga wa jua. Mbingu imetoa jina, lakini zamu inapangwa na hesabu. Msomaji wa pwani hatashangaa, kwa kuwa wataalamu wa falaki wa kwetu nao huipata nyota ya mtu kwa kujumlisha thamani za herufi za jina lake na la mama yake, bila kutazama juu.

Lintang mbaya haiachwi ikamfuata mtu hivi hivi. Familia humpeleka mtoto kufanyiwa bayuh oton, ibada inayotulizia athari za siku ya kuzaliwa kwa sadaka na maji matakatifu, tirta, na sadaka huteuliwa kulingana na siku yenyewe. Ibada nzito zaidi ni ya waliozaliwa katika wuku uitwao Wayang, ambao husemekana huwindwa na Bhatara Kala, mungu mla watu: huchezewa wayang sapuh leger, na dalang, yule anayeongoza vikaragosi, ndiye anayetengeneza tirta ya kumtakasia mtoto.