Sumaku sita na darubini ya babu

Darubini ya babu yangu bado inafanya kazi, ingawa kamba yake ya shingoni ilishakatika. Wiki iliyopita niliipeleka shule, nikatoka na kidato cha tatu hadi ufukweni ili watazame kivuko kikivuka ghuba kuja Lindi kutoka Kitunda. Binti mmoja akaishusha machoni, akaifuta, akatazama tena.

"Madam, mbona kivuko kina ukingo wa zambarau?"

Nikamweleza kwamba kioo hupinda mwanga wa bluu zaidi ya mwekundu, kwa hiyo kila rangi hukutana mahali pake. Dawa yake ni kubandika vioo viwili vya aina tofauti, kimoja kikusanye na kingine kitawanye, mpaka rangi zirudiane. Akaridhika. Mimi njia nzima nilikuwa nawaza lenzi isiyo na kioo cha pili cha kuiponya.

Lenzi hiyo ni ya sumaku. Kwenye mashine za kuongeza kasi ya chembe, elektroni hukusanywa na kwadrupoli, sumaku yenye ncha nne. Katikati yake nguvu ni sifuri, na kadiri chembe inavyokaa mbali na katikati ndivyo inavyosukumwa zaidi. Lakini chembe hazilingani nishati. Yenye nishati kubwa hupindika kidogo, ikakutania mbele. Dhaifu hukutania karibu. Ni ule ukingo wa zambarau, ila hapa huwezi kupata sumaku ya aina nyingine inayopinda kinyume. Kila sumaku humpinda zaidi yule dhaifu.

Njia waliyoipata wanafizikia naipenda kuliko kitu chochote nilichosoma chuoni. Kwanza unapindisha mwale wote wa chembe kwa sumaku ya kawaida, chembe zikajipanga zenyewe: zenye nishati kubwa upande wa nje wa kona, dhaifu upande wa ndani. Hapo ndipo unaweka sekstupoli, yenye ncha sita, kaskazini na kusini kwa zamu. Nguvu yake hukua kwa mraba: umbali mara mbili, nguvu mara nne. Anayepita nje kidogo ya kitovu chake huiona kama lenzi ya kukusanya. Anayepita ndani huiona kama ya kutawanya. Kwa hiyo mwenye nishati kubwa anapewa msaada aliopungukiwa, na dhaifu anapunguziwa.

Nilitaka kuiona kwa macho. Maabara yetu ina sumaku nne za mche, nikaenda sokoni kwa fundi redio.

"Shikamoo mzee. Naomba sumaku mbili za spika mbovu."

"Marahaba mwalimu. Chukua hizo pale, zimeshakufa." Hela alikataa.

Nikazipanga zote sita kwenye ubao kama miale ya jua, juu yake karatasi ngumu, kisha nikanyunyiza unga wa chuma niliozoa kwa mchomelea mageti. Nilitegemea doa moja la duara katikati, mahali ambapo unga unalala bila kuvutwa. Nikapata doa refu, limejikunja kama korosho. Sumaku za spika, nilizoziweka zikitazamana, zilikuwa na nguvu kuliko zile za mche. Nikazirudisha nyuma kidogo kidogo hadi doa likawa duara. Ilinichukua jioni nzima, na niliielewa sekstupoli vizuri zaidi kuliko mwaka mzima wa hesabu zake.

Lakini sekstupoli nayo ina deni. Ule mraba unamgusa hata asiye na kosa la nishati, ilimradi amepita pembeni, na mwale unaharibika umbo. Kwa hiyo huwekwa mbili, zikitenganishwa kiasi kwamba aliyepita milimita tatu kulia kwenye ya kwanza anapita milimita tatu kushoto kwenye ya pili. Madhara ya umbo yanafutana, msaada wa nishati unajumlishana. Karl Brown wa SLAC, maabara ya fizikia ya chembe huko California, ni mmoja wa walioijenga hesabu hii, na huko huko mwaka 1994 mwale wa elektroni ulibanwa hadi kimo cha takriban nanomita 70, yaani sehemu 70 za bilioni ya mita. Jozi ya sumaku za ncha sita ndiyo pia wanafizikia Haider, Rose na Urban waliyoitumia kusahihisha hadubini ya elektroni, kazi waliyoichapisha mwaka 1998. Pale kasoro ilikuwa nyingine, ya umbo la lenzi na si ya nishati, lakini ncha ni zile zile sita.

Jumatatu yule binti aliuona ubao. Akaisogeza sumaku moja kwa kidole, akagonga karatasi, doa likarefuka. Akairudisha, akagonga tena. Alifanya hivyo mpaka kengele ikalia, nami nikamwacha.

Sasa natafuta sumaku sita za ubao wa pili. Fundi ameniambia nirudi Jumamosi.