Ukurasa unaojua saa yetu

Wiki hizi tatu kila nikitoka swala ya isha nakaa barazani na laptopu nafanya mazoezi ya PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, na leo nataka niwaeleze zoezi moja tu maana hilo ndo lililonifanya nielewe tovuti inayobadilika ni kitu gani.

Kabla ya hapo nlikuwa naandika HTML tupu, ile lugha ya kupanga maandishi ya ukurasa, ukiandika karibu itabaki karibu mpaka kiyama. PHP, ile lugha aliyoitoa Rasmus Lerdorf mwaka 1995, ina mwendo mwengine, mtu akifungua ukurasa seva (kompyuta inayotuma kurasa) inasoma kwanza kodi yako, yale maagizo uliyoandika, inapiga hesabu, afu ndo inamtumia HTML iliyopikwa pale pale. Na wala hutumii bando, unaandika php -S localhost:8000 laptopu yenyewe inakuwa seva.

Zoezi lilisema onyesha saa. Ikatoka 17:00 na nje ni saa mbili za usiku! Kumbe usipoiambia PHP uko wapi inafuata saa ya UTC, ile saa ya kimataifa, iko nyuma yetu masaa matatu, nkaweka Africa/Nairobi ikatoa 20:00. Sawa, lakini nani hapa Amu (Lamu) anasema 20:00? Mamangu akiona hiyo ataniuliza ni bei ya nini. Nkataka iseme saa mbili usiku.

Basi nkatoa 6 kwenye saa, nkachukua baki ya kugawanya kwa 12. 20 toa 6 ni 14, baki 2. Imekubali, nkalala. Nimeamka kabla ya adhana ya alfajiri, naufungua ukurasa, unasema saa -2. Nlikaa na hiyo -2 mpaka nkaelewa, kwenye PHP namba hasi ukichukua baki yake inatoka hasi vilevile (Python, lugha nyengine ya programu, ingenipa 10, ndo saa kumi yenyewe). Dawa yake ni kujumlisha 6 badala ya kutoa, kwani kwenye uso wa saa ukienda mbele sita au ukirudi nyuma sita unafika pale pale, na ikitoka 0 unaandika 12. Mistari mitatu hiyo, na nimejifunza ndani yake kuliko mazoezi kumi ya duka la pizza.

Sa hii naongeza maji. Ami yangu ni nahodha, boti za kwenda Pate zapita mlango wa Mkanda na pale maji yakipwa hupiti, kwa hivo safari inafuata bahari, na maji kujaa yanachelewa kama dakika 50 kila siku. Ratiba ya karatasi ya leo kesho ishakuwa uongo. Nimemwekea fomu, yeye anaandika leo maji yamejaa saa ngapi, inaingia kwenye databesi, na ukurasa unamwambia kesho na kesho kutwa. Anairekebisha mwenyewe kila asubuhi maana bahari haifuati hesabu yangu sawasawa.

Jana nimemuonyesha kwa simu. Akasoma "kesho maji yatajaa saa tano kasorobo asubuhi", akatazama bahari, akanambia, "Mwanangu, sasa nitilie na ya bamvua."

Ndo nakaa kuifanya usiku huu, hiyo ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo.