Ramani ya vivuli, Kongowea hadi Markiti: nilipofikia

Kwa mgeni wa kumbukumbu hizi: nachora ramani ya vivuli vya Mombasa. Sihesabu miti, wala sitafuti bustani za kupumzikia. Nafuata njia, na swali langu ni moja: mtu anayetoka Kongowea, bara ya kaskazini, kwenda Markiti kisiwani kwa miguu au kwa baiskeli, saa sita za mchana, wapi atapita kivulini na wapi atachomwa? Kila kipande cha njia nakipa rangi. Kijani ni kivuli cha mti, kijivu ni cha jengo au kibanda, nyekundu ni jua kavu. Rangi ya nne iliongezeka baadaye, nitaieleza.

Kilichonisukuma ni namna tunavyoyazungumza mambo haya mjini. Ukienda mkutano wa uchukuzi usiochafua hewa utasikia tuktuk za umeme, pikipiki za betri na njia za baiskeli. Ukienda wa mazingira utasikia miche. Idara mbili, bajeti mbili, na wanaohudhuria huku hawaonekani kule. Kwangu mimi ni kazi moja. Mtu wa Kongowea hapandi matatu kuingia mjini kwa sababu ni mbali. Anapanda kwa sababu jua la adhuhuri halina mchezo, na hataki kuingia kazini shati limeshikana na mgongo. Mchoree njia ya baiskeli isiyo na mti, ataitumia alfajiri na magharibi, basi.

Kaskazi

Nilianza kupima wakati wa kaskazi, joto lenyewe likiwa limekaa. Vifaa si vya ajabu: simu, tepu ya fundi, chaki na kofia. Kila kivuli kinapoanza au kuisha nasimama, naweka alama kwenye simu na kuandika ni kivuli cha nini. Usiku nayahamishia yote kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuiongezea kitu bila kuomba ruhusa.

Lazima kwanza ulielewe jua. Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini ya ikweta. Karibu na tarehe 10 Machi, na tena katika wiki ya kwanza ya Oktoba, jua la adhuhuri linapita utosini hasa. Siku hizo hata jengo la ghorofa kumi halikufai, maana kivuli chake kimejikunja chini ya ukuta wake mwenyewe. Mwezi wa Juni jua limehamia kaskazini na vivuli vya adhuhuri vinalala upande wa kusini. Desemba ni kinyume. Kwa hiyo upande wa barabara unaofaa kupita mwezi wa sita si lazima ufae mwezi wa kumi na mbili. Mti hausumbuliwi sana na hesabu hizi, kwa kuwa majani yake yako juu ya kichwa chako na si kando yako. Ndiyo maana nikautenga na jengo.

Waliojenga Mji wa Kale walilijua hili zamani. Vichochoro vyembamba, nyumba zimesogeleana, roshani za mbao zimetokeza juu ya njia. Ukitoka Fort Jesus ukaingia mitaani asubuhi au alasiri, jua utalikuta kwenye njia panda tu. Barabara pana tulizozijenga baadaye zimeacha somo hilo nyuma, na hazikuleta miti ya kufidia.

Halafu kuna suala la tepu. Mombasa ukionekana unapima kando ya barabara, watu hawaulizi unapima nini, wanauliza wanabomolewa lini. Pale karibu na Buxton muuza kahawa mmoja wa makamo aliweka dele lake chini akaniita.

"Wapima nini, mwanangu? Barabara yaja?"

"La, mzee wangu, napima kivuli."

"Kivuli chapimwa?"

"Chapimwa."

Akatazama juu kwenye matawi, akatazama tepu, akasema: "Basi anza na hiki changu, kabla hawajakikata."

Tangu hapo, nikifika mahali, tepu inabaki mfukoni mpaka nimesalimia na kujieleza. Kazi inakwenda polepole, lakini hao ndio wanaonionyesha palipokuwa na mti ukakatwa, na mwaka gani, na kwa nini: nyaya za umeme, mabomba, upanuzi wa barabara, au jirani aliyechoka kufagia majani. Miti iliyokatwa naiwekea alama pia. Ni maelezo ambayo simu peke yake isingenipa.

Rangi ya nne

Nilidhani kijani kingekuwa habari njema kila mahali. Kuna mkungu mmoja kando ya barabara ya Kongowea, matawi yametandazwa kwa ngazi kama miavuli iliyopangwa juu kwa juu. Kwenye ramani ulikuwa kijani safi. Chini yake kuna mkokoteni wa madafu, fundi viatu na kisanduku chake, vijana wa bodaboda waliolala juu ya tangi wakisubiri abiria, na mama wa viazi karai aliyeweka jiko hasa pale kivuli kinapochelewa kuondoka. Kila mmoja ana nafasi yake na anajua saa ya kusogea. Mpita njia hana nafasi. Anashuka kwenye lami, juani, katikati ya tuktuk na mikokoteni, halafu anarudi juu mbele ya mkungu.

Hicho nikakipa rangi ya manjano: kivuli kipo, njia hakuna.

Manjano imekuwa nyingi kuliko nilivyotarajia, na imebadilisha ninachotaka kusema. Mkutanoni kuna mtu alisema, "Ukipanda mti kando ya barabara umepanda kibanda." Ana haki kwa kile anachokiona. Mimi nasema watu wamerundikana chini ya mkungu ule kwa sababu mwingine uko mbali. Muuza madafu naye ana utosi. Vivuli vikiwa vingi, na vikipangwa vipana kiasi cha kutosha biashara na mpita njia, hakuna sababu ya kugombana. Kuwafukuza wafanyabiashara kisha kuacha mti mmoja umesimama peke yake ni kusubiri mwezi uishe warudi.

Daraja

Daraja la Nyali ni jekundu mwanzo hadi mwisho, na sina la kulifanya. Lilifunguliwa 1980, njia sita za magari, na wa miguu wamepewa ukingo. Daraja halipandwi mti. Neema yake ni upepo, ambao kwenye ramani yangu hauna rangi. Ninachoweza kukidai ni miisho yake miwili: mtu aliyetoka juani kwa urefu wote ule akute kivuli cha kuvutia pumzi kabla ya kupanda kuelekea Buxton. Lakini barabara kuu ziko chini ya mamlaka za kitaifa, KeNHA (ya barabara kuu) na KURA (ya barabara za mijini), si kaunti, na hifadhi ya barabara si pa kuchimba shimo utakavyo. Kwa hiyo hapo nimeandika barua, sikushika jembe.

Kabla ya masika: miche

Hapa ndipo muda wangu mwingi umekwenda.

Ardhi ya kisiwa na ya pwani hii ni matumbawe. Unaondoa tofali za kabro, unakuta mchanga kiasi, halafu mtaimbo unagonga mwamba mweupe na mikono inaingia ganzi. Shimo la mche linageuka kazi ya mwashi. Ukichimba dogo, mizizi inazunguka mle mle, na mti ukikua unanyanyua kabro zote kutafuta pa kupita; wahandisi wanaulaumu mti kwa kosa la shimo. Tumekubaliana mtaani kuchimba machache lakini mapana, kuuvunja mwamba vizuri, na kujaza udongo uliochanganywa na mbolea ya mbuzi.

Mti gani? Mfano uko karibu. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji Bamburi, mahali palipobaki mwamba mtupu na maji ya chumvi. Alijaribu aina 26, zikasimama 3, na mvinje ndio ulioshika kweli. Hata hivyo majani yake hayakuoza, yakarundikana tu, mpaka wakaletwa majongoo wakayala na kuyageuza udongo. Leo watu wanalipa kuingia Haller Park kutazama twiga mahali palipokuwa shimo la saruji. Kwa barabarani, ingawa, mvinje haufai, kivuli chake ni chepesi na jua linapenya.

Mwarobaini unavumilia ukame, haupukutishi majani yote kwa pamoja, na kila mtu anaujua kwa dawa. Kasoro yake ni kwamba ni mgeni na unasambaa: ndege na popo wanabeba mbegu hadi kwenye vichaka na misitu mitakatifu ya kaya, na huko unabana miti ya kwetu. Nimeusogeza nyuma kwenye orodha, ingawa majirani wanaupenda. Mkungu ni kivuli bora, ila majani yake makubwa yanaziba mitaro, na mtaro ukiziba wakati wa masika maji yanaingia madukani. Nimeegemea mkwaju. Unakua taratibu mno, lakini kivuli chake ni kizito, na ukwaju wake una soko. Palipo na nafasi ya kutosha nimependekeza mbambakofi, tuone kama kuna atakayekuwa na subira.

Kupanda si tatizo la nchi hii. Serikali imeweka shabaha ya miti bilioni 15 kufikia 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hadi sikukuu ya kupanda. Tatizo ni kaskazi inayofuata. Nani atamwagilia? Maji mtaani yananunuliwa kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa mkokoteni, na hakuna atakayemwaga pesa hizo kwenye shina la mti wa barabarani. Jibu letu limetoka msikitini. Maji ya udhu yanapita kwenye mfereji mara tano kwa siku, kila siku, hayana sabuni, na yalikuwa yanaishia kwenye mtaro. Kamati ilikubali tukate mfereji pembeni na kulaza bomba hadi kwenye mashimo yaliyo nje ya ukuta. Mikwaju ile ya msikitini ndiyo iliyo na hali nzuri kuliko yote. Ile inayotegemea watu kukumbuka, mingine ipo, mingine imebaki vijiti.

Mbuzi nao wametufundisha. Vizimba vya mbao za paleti vinawazuia, ila usiweke ubao wa mlalo: mbuzi wa Majengo anaweka miguu ya mbele juu yake na kula kutoka ghorofani.

Karatasi na mikutano

Ofisi moja iliniambia kivuli ni suala la mazingira. Nyingine ikaniambia njia ya miguu ni suala la uchukuzi. Sitapoteza mistari zaidi hapo.

Jambo la manufaa ni kalenda. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Ukija na wazo lako mwezi wa Mei, utasikilizwa kwa adabu na utapewa soda. Mti ukitaka uingie, uingie kwenye makadirio ya barabara yenyewe, pamoja na kokoto, mitaro na taa, si kwenye hafla ya upandaji baada ya mkandarasi kuondoka. Kuna pia kamati za tabianchi za wadi, zilizokuja na FLLoCA, mpango wa kufadhili hatua za tabianchi zinazoongozwa na wenyeji, ambazo hupendekeza miradi kutoka chini. Mombasa ina wadi 30, na ramani yangu inagusa chache tu, kwa hiyo nilikwenda na vipande vya wadi husika, si ramani nzima.

Kilichofanya kazi ni karatasi. Simu hupitishwa mkono kwa mkono na watu wanaitikia tu. Ramani kubwa iliyobandikwa ukutani ilifanya watu wasimame, watafute mlango wao, wabishane. Dada mmoja anayeuza mahamri alichukua kalamu na kukoleza nyekundu mbele ya kituo cha matatu, akisema nilikuwa mpole mno.

Na nilikuwa na mifano ya kuonyesha kwamba kazi hizi zinaweza kwenda pamoja. Kibarani palikuwa jaa la taka, moshi na harufu vikimlaki kila aliyeingia kisiwani. Lilifungwa, pakapandwa nyasi na miti. Hapo jirani, Makupa, tuta la zamani lilikuwa limezuia maji kati ya mkono wa bahari wa Tudor na ule wa Port Reitz. Daraja lililofunguliwa 2022 liliruhusu maji yapite tena chini ya magari. Mradi wa barabara, na bahari ikapata njia yake. Aliyesema mti ni kibanda hakunijibu hapo, akaomba nakala ya ramani.

Kusi, sasa hivi

Mvua imepita, upepo wa kusi umetulia, na kupima kumekuwa kazi ya starehe. Kipande cha Buxton hadi Markiti kimekamilika kwa vipimo vya kaskazi na vya kusi. Kongowea bado ina mapengo nyuma ya soko, ambako vibanda vinahama kila wiki na kijivu kinahama navyo. Maoni ya maandishi kwa mpango wa mwaka nayapeleka kabla ya mwisho wa Agosti, yakiwa na maombi mawili tu: mashimo ya miti yahesabiwe ndani ya gharama za njia za miguu, na maji ya udhu ya misikiti iliyo kando ya njia hizo yaelekezwe kwenye mashina, kamati zikikubali.

Baada ya hapo ni Likoni. Maelfu wanavuka feri kwa miguu kila siku bila nauli, na nataka kujua wanatembea juani kiasi gani tangu stendi hadi mlango wa feri, pande zote mbili. Natafuta mtu wa upande wa Likoni mwenye simu inayokaa na chaji, na anayefahamiana na wachuuzi wa pale. Tepu ninayo.