Shimo lililomeza ndala ya Kadogo

Jamani wamama wenzangu, Kadogo nilianza kumtoa pampasi mwezi wa kumi, ana miaka miwili na nusu, na mtoto alikua ameshaelewa kabisa, mkojo anasema mwenyewe, pupu anasema, mi nikaanza kupanga hela ya pampasi sasa naifanyia nini. Alafu Krismasi tukaenda Mpwapwa kwa bibi yake.

Choo cha kule ni cha shimo, kisafi, kimesakafiwa, ila shimo ni shimo. Nimemshika makwapani achuchumae, akatikisa mguu, ndala moja ya pinki ikachomoka ikaenda. Tuliisikia kabisa ikitua huko chini. Akachungulia, akaniangalia, akauliza "inarudi saa ngapi?" Mi nikacheka. Ningejua nisingecheka.

Tumerudi Dodoma, hapa kwetu Nkuhungu choo ni cha ndani, cha kuchuchumaa, unamwagia maji na ndoo. Hataki hata kukanyaga mlangoni. Mkojo anamalizia bafuni, ila pupu hakuna. Ikimbana anakimbilia nyuma ya pazia, anashika kochi kwa mikono miwili, miguu kaipishanisha, kasimama kwa vidole, jasho puani, anatetemeka mpaka inapita. Nikadhani anasukuma, kumbe anabana! Siku ya tatu nikamchapa kofi la tako nikijua ni jeuri (najua, msinianze). Siku ya tano kikatoka kitu kigumu kama jiwe na tone la damu juu yake, alilia mpaka jirani akaja kugonga mlango.

Nikambeba zahanati. Nesi akaniuliza mara ya mwisho alikunya lini, nikaanza kuhesabu na vidole, akasema "mama, huyu hana jeuri, anaogopa, na sahivi ana sababu mbili." Yaani akibana, choo kinakaa tumboni kinakauka, kikitoka kinauma, kimemuuma basi kesho anabana zaidi. Akauliza maziwa anakunywa kiasi gani, nikajibu kwa kujisifu, vikombe vinne mpaka vitano kwa siku. Kumbe maziwa ya ng'ombe yakizidi yanafungisha choo na yanamshibisha hali chakula. Tukapewa dawa ya maji ya kulainisha, nikapunguza maziwa, papai na maji kila siku, mlenda anaupenda mwenyewe.

Na pampasi nikamrudishia, kwa ajili ya pupu tu. Jirani yangu akacheka eti mama Kadogo umerudi rivasi. Sawa, lakini alikunya, na haikumuuma, na mi hicho ndo nilikua nakitafuta, sio sifa.

Baada ya wiki mbili hivi nikaenda soko la Majengo nikanunua poti, ya plastiki ya kawaida tu. Kwanza miguu yake inakanyaga chini vizuri, hanin'ginii popote. Pili, na hii ndo ilimshika, poti ina mwisho. Aliingiza mkono akaigonga chini, ngo ngo, akaingiza tena. Kila asubuhi akimaliza uji namkalisha hapo dakika tano, maana tumbo likipata chakula na utumbo unaamka, siku za kwanza anakaa na pampasi yake hivo hivo, akitaka kutoka namwachia anatoka. Siku moja akaivua mwenyewe. Nipo naosha vyombo nikasikia kimya kile unachokijua, alafu "mama, ipo!" Nimekuja kaiinamia anaiangalia, haijaenda popote. Kuimwaga ikawa ugomvi mwingine, nikawa nasubiri ameenda kucheza.

Pasaka tukarudi Mpwapwa na poti yetu kwenye rambo. Safari hii siku ya pili akasema mwenyewe anataka choo cha bibi. Tumefika mlangoni akavua ndala zote mbili, akampa bibi yake. "Bibi shika. Usiachie." Nikambeba peku tukaingia.